Zebaki katika maji: somo la Minamata kwa sisi tunaoishi karibu na dhahabu

Minamata ni mji mdogo wa pwani katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Jina lake linajulikana ulimwenguni kwa sababu ya ugonjwa ulioletwa na samaki wenye zebaki. Zebaki ni ile metali ya majimaji inayong'aa kama fedha, ambayo wachimbaji wengi wa dhahabu kwetu wanaiita merkiri. Kwa hiyo habari ya Minamata, hata kama ni ya mbali na ya zamani, inatuhusu.

Dalili zilianza kwa wanyama

Katika miaka ya 1950 wavuvi wa Minamata waliona samaki wakielea juu ya maji wakiwa wamekufa, na ndege wa baharini wakianguka. Paka waliokula mabaki ya samaki walianza kuyumbayumba na kuzunguka kama wanaocheza ngoma, kisha wakafa. Baadaye ikawa zamu ya watu. Mikono na miguu ilikufa ganzi, macho yakaona kama kwa tundu dogo, maneno yakawa mazito mdomoni, mwili ukatetemeka. Tarehe 1 mwezi wa tano 1956, daktari Hosokawa Hajime, mkuu wa hospitali ya kiwanda cha Chisso, alipeleka habari ya ugonjwa huo usiojulikana kwa ofisi ya afya.

Kwanza watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Jirani waliwakimbia wagonjwa, na familia zao zikatengwa. Lakini wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Kumamoto waliona kwamba walioumia zaidi ni jamaa za wavuvi, waliokula samaki wa ghuba ile kila siku. Mwaka 1959 walitangaza kwamba sumu yenyewe ni zebaki.

Ilitoka wapi? Tangu mwaka 1932 Chisso walitumia zebaki katika kutengeneza asetaldehidi, dawa ya viwandani, na maji machafu yakamwagwa baharini. Mwaka huohuo wa 1959, Hosokawa alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji hayo. Paka akaugua ugonjwa uleule. Matokeo hayo hayakutangazwa, na kiwanda kiliendelea kumwaga. Mwaka 1965 ugonjwa ukatokea tena Niigata, kando ya mto Agano, kwa sababu ya kiwanda kingine. Serikali ilikubali rasmi chanzo chake mwaka 1968 tu. Miaka tisa ilipita kati ya kujua na kukiri, na muda wote huo watu waliendelea kula.

Jinsi sumu inavyopanda

Mtu anaweza kuuliza: bahari ni kubwa, kwa nini sumu isipotee ndani yake? Jibu la wachunguzi ni hili. Kwenye matope, vijidudu vidogo hugeuza zebaki ya kawaida kuwa methili-zebaki, ambayo mwili huipokea haraka na kuitoa polepole sana. Minamata, sehemu ya sumu ilitoka kiwandani ikiwa tayari katika hali hiyo. Vimelea vya majini huibeba kidogo. Samaki mdogo hula vimelea vingi, samaki mkubwa hula wadogo wengi, na kila hatua kipimo huongezeka. Ndiyo maana papa na jodari, samaki walao wenzao, hubeba zebaki nyingi kuliko dagaa. Kupika au kukausha hakuiondoi, kwa maana imeshikamana na nyama yenyewe.

Jambo lililowashtua madaktari zaidi lilikuwa la watoto wachanga. Zamani waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto tumboni. Minamata, mama walioonekana wazima walizaa watoto wenye viungo vilivyopooza na akili iliyoumia. Mwaka 1962 ilithibitishwa kwamba sumu ilipita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Daktari Harada Masazumi alitumia maisha yake kuwafuatilia watoto hao.

Watu zaidi ya 2,200 walitambuliwa rasmi kuwa wagonjwa, na makumi ya maelfu wengine walipewa msaada baadaye. Matope ya ghuba yalichimbwa na kuzibwa kuanzia 1977 hadi 1990. Samaki wake walitangazwa kuwa salama mwaka 1997.

Maji yetu nayo yanafika baharini

Mwaka 2013 mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, nao ukaanza kutumika 2017. Utafiti wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba zebaki katika maji ya juu ya bahari imeongezeka karibu mara tatu kwa sababu ya kazi za wanadamu. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba leo chanzo cha kwanza cha zebaki inayoingia hewani kwa mikono ya watu ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, karibu asilimia 38.

Mto Elila na mto Ulindi hutelemka kutoka nchi ya dhahabu ya Kivu ya Kusini hadi Lualaba. Mto Ituri huingia Aruwimi. Hata Ziwa Tanganyika hutoa maji yake kwa mto Lukuga. Yote huishia katika mto Kongo, na mwisho Atlantiki. Lakini kabla ya kufika huko, yanapita kwenye visima vyetu na nyavu zetu.

Tufanye nini?

Hatusemi watu waache samaki. Ni chakula chema, na samaki wadogo ndio salama zaidi. Hatusemi pia mchimbaji aache kulisha watoto wake. Tunasema haya:

– Dhahabu yenye zebaki isichomwe ndani ya nyumba wala jikoni. Moshi wake hauonekani vizuri, lakini unaumiza ubongo, mapafu na figo.
– Mama mwenye mimba na watoto wasikae karibu na kazi hiyo.
– Mabaki yasimwagwe mtoni. Kuna chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba kinachokamata moshi na kurudisha zebaki itumike tena.
– Mwenye kutetemeka au kufa ganzi apelekwe kwa muganga wa hospitali, na aeleze kazi anayofanya. Asishitakiwe uchawi, wala asitengwe kama wale wa Minamata.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, aliwakemea kondoo wanono waliokunywa maji safi, kisha wakayavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, na wenzao wakalazimika kuyanywa hivyohivyo. Wazee wa kanisa na wanunuzi wa dhahabu walio washirika wetu wasome sura hiyo pamoja. Minamata, waliojua walinyamaza, na watoto wakalipa. Sisi tumekwisha kujua.