Mwenye Bwasa Hapandi Mti

Kila tunaposikia redioni kwamba Leta (serikali) itawasaidia wakulima wa kahawa na matunda, sisi wa Nyangezi tunauliza kwanza: mkulima yupi, na juu ya udongo wa nani? Kwetu Bushi, huku Kivu, mche hutanguliwa na ng'ombe.

Zamani aliyetaka shamba la kudumu alimpelekea mwami (mtawala wetu wa jadi), au mkubwa aliyeshika kilima kwa niaba yake, ng'ombe wa kalinzi. Akipokelewa, ardhi inakuwa yake na ya watoto wake, mradi asivunje heshima kwa aliyempa. Huyo ndiye aliyepanda migomba, na baadaye kahawa, maparachichi na mikalitusi. Asiye na ng'ombe aliomba bwasa: kipande cha kulima kwa msimu, malipo yakiwa sehemu ya mavuno, pombe, au siku kadhaa za jembe kwa mwenye ardhi. Maharage sawa, viazi vitamu sawa. Mgomba hapana. Mwenye ardhi alikuwa na hesabu yake: mgomba unachipua miaka nenda rudi, na aliyeupanda hafukuzwi kirahisi.

Nyanya yangu alilima kwa bwasa hadi uzeeni. Kahawa aliijua kuliko wengi, maana aliichuma kwa wengine, aliimenya, aliianika. Mti wake mwenyewe hakuwa nao.

Wakoloni wa Kibelgiji nao hawakuja na ruzuku. Mwaka 1917 walileta sheria ya mazao ya lazima, na kuanzia 1928 shirika la Comité National du Kivu likawa linagawa ardhi kwa walowezi, wakapanda kahawa na miti ya kinini. Utafiti ulikuwapo, tena mzuri: taasisi ya utafiti wa kilimo INEAC, iliyoundwa 1933, ilikuwa na kituo huko Mulungu. Ila faida ilitangulia kwa mlowezi.

Kisha akaja Rais Mobutu. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa Leta, na kwamba haki za ardhi ya kimila zitapangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo haikutoka kamwe. Kwa hiyo kalinzi ikabaki hewani: vilimani inaheshimiwa, mbele ya mwenye karatasi ya mjini inayumba. Novemba mwaka huohuo mashamba ya wageni yakaanza kugawiwa Wazaire (ndivyo Wakongo walivyoitwa wakati huo), wengine wakiwa hawajawahi kupogoa mkahawa. Bei ya kahawa duniani ilipoanguka baada ya 1989, kodi hazikuanguka nayo, na magunia mengi ya Kivu yakavuka ziwa usiku kwenda Rwanda. (Leta iliita magendo. Mkulima aliita bei nzuri.)

Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 imetaja mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo. Kwenye karatasi umeandikwa vizuri. Huku kwetu miche huja zaidi kwa miradi, na hugawiwa bure.

Jirani yangu, mama mjane, alichukua miche ya kahawa akaipanda pembeni mwa maharage yake. Mwenye ardhi alipita, akaitazama, akamwambia aing'oe kabla ya mvua. Walikaa, wakazungumza, mwisho wakakubaliana: miche ibaki, kahawa iwe ya mwenye ardhi, mama aendelee kupalilia. Kwenye orodha ya mradi, bado ni yeye anayehesabiwa kuwa mkulima aliyesaidiwa.