Rhotia, Chini ya Msitu

Udongo mwekundu wa Rhotia, wilayani Karatu, Tanzania, hulimwa mahindi, ngano na mbaazi. Wairaqw walisogea huku kutoka milima ya Mbulu, hasa enzi za ukoloni, wakitafuta mashamba na malisho. Nyumba zao za kale zilichimbwa ubavuni mwa kilima na paa likafunikwa udongo ili mvamizi asizione.

Mwaka 1959 ilianzishwa Hifadhi ya Ngorongoro, msitu wa nyanda za juu ulio juu ya Rhotia ukiwa ndani yake. Msitu hunasa ukungu na kulisha chemchemi za Karatu. Mkulima huushukuru kwa maji, kisha huulaani tembo anapotoka usiku kuvuna asichopanda.

Shamba nalo huhitaji kulindwa. Marekani, mashirika ya amana za ardhi hununua haki ya kujenga ili shamba lisigeuzwe majumba. Hapa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliikabidhi halmashauri ya kijiji udhamini wa ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa wanakijiji ndio huidhinisha palimwe wapi, palishwe wapi.