Kutoka Ukurasa hadi Wavuti: Historia Fupi ya Maneno ya Miongozo ya Kompyuta

Wazee wa pwani waliposema chuo walikusudia kitabu, na mtoto aliyetiwa chuoni alitiwa penye kitabu, yaani Kurani. Baadaye neno hilo likahama: likawa jina la mahali pa kusomea, na leo twaliita kwalo hata taasisi za elimu ya juu. Nafasi yake ilishikwa na kitabu, neno la Kiarabu lililokuja na jamaa zake: karatasi, kalamu, ukurasa, sura, jalada, faharasa. Ukoo huo ndio uliotumiwa na wapiga chapa wa misheni kule Unguja katika karne ya 19, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaupa tahajia moja. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanzishwa mwaka 1967 liliukuta umekwisha kukomaa.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza yaliyoupata ukoo huo ulipoingia katika kompyuta, na hasa katika kazi ambayo sasa inawafikia wafasiri wetu: kuuhamisha mwongozo wa programu kutoka umbizo la PDF na kuuweka katika kurasa za wavuti. Wako wanaodhani kwamba hiyo ni kazi ya fundi peke yake. Sisi twaona kuwa nusu yake ni kazi ya istilahi.

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, kwa shabaha ya kuufanya ukurasa uonekane vilevile katika kila mashine na kila karatasi. Kwa hiyo haikumdai mfasiri neno jipya hata moja. Jalada lilibaki jalada, faharasa ilibaki mwishoni, na mwandishi aliweza kusema kama zamani, "tazama ukurasa wa 43."

Wavuti ulikuwa na shabaha nyingine. Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989 katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, na ulifunguliwa kwa watu wote mwaka 1991. Lugha yake, HTML, husema tu kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo. Upana wa mstari huachiwa kioo cha msomaji, kiwe cha kompyuta au cha simu. Hapo ukurasa wa 43 haupo. Ajabu ni kwamba neno ukurasa lenyewe halikufa, ila sasa lataja kitu kisicho na namba wala urefu maalumu.

Na maneno mapya hayakutoka chuoni, yalitoka baharini. Wavuti lina wavu ndani yake. Kivinjari kimetokana na kuvinjari, kitendo cha chombo kinachozunguka huku na huko kikiangalia. Kupakia na kupakua ni kazi za bandarini, ingawa mama wa nyumbani naye hupakua wali. Hata mahali maalumu ndani ya ukurasa ambapo kiungo hufikia, wenyewe wenye HTML hupaita kwa jina la nanga, na sisi twaweza kulichukua bila haya.

Kiswahili kiliingia rasmi katika programu za ofisini Desemba 2004, wakati mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya Kiswidi, ulipotoa Jambo OpenOffice. Haukupita muda mrefu Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Lakini tafsiri hiyo ya Microsoft ilihusu zaidi menyu na vitufe. Maelezo marefu ya msaada yalibaki katika Kiingereza. Mtumiaji aliambiwa kwa Kiswahili abonyeze wapi, kisha alipokwama akajibiwa kwa lugha nyingine.

Madhara ya jambo hili huonekana zaidi mbali na miji mikuu. Tuchukue Nyamwaga, mkoani Mara, zilipo ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Tarime. Wenyeji wengi ni Wakurya, na kwao Kiswahili ni lugha ya pili. Kwa watumishi wengi Kiingereza ni ya tatu. Mwalimu mkuu anayetaka kununua saruji na mabati ya darasa hutakiwa kupitia mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023 badala ya TANePS. Akikwama, huenda akatumiwa kwa simu mwongozo wa PDF wa kurasa nyingi, atumie kifurushi chake kuupakua wote kwa ajili ya aya moja, kisha auvute kwa vidole kushoto na kulia. Kama mwongozo umepigwa skani ili muhuri uonekane, basi ni picha tupu, wala hakuna neno linaloweza kutafutwa ndani yake. Na darasa lasubiri.

Wavuti humwondolea mzigo huo, lakini humtaka ajue neno la kuandika katika kisanduku cha kutafutia. Hapa ndipo penye shida. Kutafuta ndani ya PDF hulinganisha mfuatano wa herufi: ukiandika "hifadhi" utapata kuhifadhi na imehifadhiwa. Vyombo vya kutafutia vya tovuti aghalabu hulinganisha maneno mazima. Kwa Kiingereza vimefundishwa kukata viambishi, kwa Kiswahili mara nyingi sivyo. Pakua haimpati pakuliwa, wala kiungo hakimpati viungo. Ongeza kwamba mfasiri mmoja aliandika hifadhi, wa pili tunza, wa tatu weka akiba. Katika kitabu tofauti hiyo ilikuwa kasoro ya mtindo. Katika wavuti huwa ni mlango uliofungwa.

Kwa hiyo mwongozo usihamishwe sura kwa sura. Ukatwe kwa kazi, na kila kazi ipewe kichwa kinachoanza na kitenzi kwa ku-: Kuhifadhi zabuni, Kufuta rasimu. Kila "tazama ukurasa wa" igeuzwe kuwa kiungo. PDF isitupwe, maana umeme na mtandao hukatika, na nakala iliyochapwa hubaki mezani. Ila itolewe katika matini yaleyale ya wavuti, isiandikwe kando.

Lipo neno ambalo baadhi ya wenzetu hawatapenda kulisikia. Maofisini watu husema kusevu, nao wataandika kusevu. Istilahi ya kichwa na ya aya ibaki kuhifadhi, lakini chini ya kila kichwa tunapendekeza uwepo mstari wa majina mengine: "pia: kusevu, kutunza." Mstari huo uandaliwe na mwanaistilahi, si na fundi, na uanze na vitenzi vilivyomo katika vitufe vya mfumo wenyewe.