Mguu wa Kapteni Grant: Historia ya kupima mwendo, kutoka Bweranyange hadi simu ya mkononi

Mgonjwa wa mguu anayefahamika zaidi katika historia ya Karagwe hakuwa Mnyambo, mwenyeji wa huko. Alikuwa mwanajeshi wa Kiskoti, Kapteni James Augustus Grant, aliyefika kwa mfalme, Mukama Rumanyika, huko Bweranyange mwishoni mwa Novemba 1861 pamoja na mwenzake John Hanning Speke, wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Mwezi uliofuata mguu wake wa kulia ulivimba kuanzia juu ya goti. Ukapasuliwa, ukatoa usaha. Majipu mapya yakaota, nayo yakapasuliwa. Miezi mitatu ilipita hivyo, goti likakakamaa likiwa limepinda, na kutembea kukawa hakuwezekani tena. Katikati ya mateso hayo, Januari 10, 1862, Speke alishika njia ya Buganda, akamwacha.

Matibabu yake ameyaeleza mwenyewe katika kitabu alichokitoa mwaka 1864. Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa wapagazi, alikuwa amesikia habari za dawa ya kubandika ya mavi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani. Ikabandikwa ya moto, ikambana mguu tu. Baraka, mtu mwingine wa msafara, alishikilia kwamba nyoka ndiye aliyeutemea mguu ule mate. Kisha Nnanaji, ndugu yake Rumanyika aliyesifika kwa uganga, akamtuma mganga wa Kinyambo na mkewe. Mganga aliupapasa mguu kwa mkono mwepesi, akachanja chale, na mkewe akatoa dawa nyeusi iliyoviringishwa kwenye jani la mgomba, ikasuguliwa kwenye chale. Grant hakupona kwa dawa hiyo, lakini aliusifu upole wa watu wale, na sifa hiyo haikuwa ya kawaida katika vitabu vya wapelelezi wa enzi zile.

Madaktari waliosoma maelezo hayo baadaye wamehisi kuwa ulikuwa ugonjwa wa vidonda vya Buruli, unaosababishwa na bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu na ukoma. Sir Albert Cook aliandika habari za vidonda vya namna hiyo katika hospitali ya Mengo mwaka 1897, na jina lenyewe limetokana na eneo la Buruli nchini Uganda. Ugonjwa huu ukila ngozi karibu na kiungo, huacha kovu linalovuta, na kovu likivuta, kiungo hukakamaa.

Kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kisa kinaanzia hapo. Uvimbe wa Grant ulimalizika katika mwezi wa tano wa ugonjwa, lakini goti halikunyooka siku hiyohiyo. Goti lisilonyooka huufanya mguu kuwa mfupi kuliko mwenzake hata kama mifupa ina urefu uleule. Kisigino hakifiki chini, msuli wa mbele wa paja haupumziki hata mtu akisimama tu, nyonga inashuka upande mmoja, na mgongo unalipa gharama. Dawa zote za Bweranyange zililenga uvimbe na maumivu. Kazi ya kulinyoosha goti kidogo kidogo kila siku, kulifunga banzi usiku na kuuzoesha mguu kubeba uzito ilikuwa haijapata fundi wake, si Karagwe tu. Hata London kazi hiyo ilikuwa bado changa.

Grant aliondoka Karagwe Aprili 14, 1862, akiwa amelazwa kwenye machela iliyobebwa na watu wa Buganda. Alipomkuta Speke mwishoni mwa Mei alikuwa anachechemea. Kufikia Februari 1863 alikuwa Gondokoro, Sudan Kusini ya leo. Kitabu chake alikiita ‘A Walk Across Africa’, yaani matembezi ya kuvuka Afrika, kwa sababu waziri mkuu wa Uingereza, Lord Palmerston, alimwambia kuwa alikuwa ametembea sana. Miezi kama minne ya Karagwe alikaa kitako, ila jina la kitabu halikulijali hilo.

Ni haki kusema pia kwamba kamba ya kupimia viungo ilikuwapo Bweranyange wakati uleule. Speke aliitumia kumpima shemeji yake Rumanyika, mmoja wa wanawake wa ikulu walionenepeshwa kwa maziwa hadi wasiweze kusimama. Alipima mkono, kifua, paja na shavu la mguu, akaandika tarakimu zote. Alipima ili kuwashangaza wasomaji wa Ulaya. Mtu asiyeweza kutembea alikuwa mbele yake, kamba ilikuwa mkononi, na swali la kwa nini hatembei halikuwa sehemu ya kipimo.

Swali la namna mtu anavyotembea tayari lilikuwa limeulizwa Ujerumani. Mwaka 1836 ndugu wawili, Wilhelm na Eduard Weber, walichapisha kitabu juu ya mitambo ya mwendo wa binadamu, wakitumia saa, kamba na darubini: hatua moja ina urefu gani, inachukua muda gani. Mwaka 1891 Wilhelm Braune na Otto Fischer walimvalisha mwanajeshi mirija ya umeme inayomulika, wakampiga picha gizani akitembea. Kumvalisha kulichukua saa nyingi, kutembea sekunde chache, hesabu miaka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Verne Inman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California walichunguza mwendo ili kuwatengenezea miguu bandia maaskari waliokatwa viungo. Jacquelin Perry, aliyekuwa mtaalamu wa fiziotherapia jeshini kabla ya kuwa daktari wa upasuaji, alitibu wagonjwa wengi wa polio na kuligawa tendo la kutembea katika hatua nane ambazo wanafunzi wa fiziotherapia wanazikariri hadi leo.

Polio ndiyo inayoiunganisha California na vilima vya Kagera, mkoa uliomo Karagwe. Tanzania ilianza mpango wa taifa wa chanjo mwaka 1975, na mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili alionekana mwaka 1996. Walioupata ugonjwa kabla ya hapo ni watu wazima sasa, wengine wamo Nkwenda na Kaisho, wakitembea kwa mkono unaokandamiza paja ili goti lisikunjike. Mkono huo juu ya paja ni dalili ambayo fundi mzoefu huisoma kwa mbali: msuli wa mbele wa paja umekufa. Kwa ajili ya miguu hiyo, mwaka 1981 kilianzishwa Moshi, pembeni ya hospitali ya KCMC, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, TATCOT, ambacho kimefundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Huku Karagwe, Dayosisi ya KKKT ilichukua njia ya utengamao katika jamii: mfanyakazi anamfuata mtoto nyumbani badala ya kumngoja katika hospitali ya Nyakahanga.

Maabara kamili ya mwendo, yenye kamera kuzunguka chumba, alama zinazong'aa kwenye viungo na sakafu inayopima nguvu ya kila kishindo, haipo Nyakahanga wala katika hospitali ya Isingiro, upande wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Binafsi sioni kuwa hilo ndilo pengo kubwa. Maabara hizo zina sakafu bapa. Mama wa Kyerwa anapanda na kushuka, ndoo kichwani, njia ikiteleza. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea mizigo hubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Mazoezi yanayomrudisha mama kama huyo kutembea ukumbini mikono mitupu hayajamrudisha kazini kwake.

Kinachofaa kwanza ni vifaa vya ndugu wa Weber: saa na kamba. Mgonjwa atembee mita 10, muda uandikwe. Ainuke kitini, aende mita 3, arudi, akae, muda uandikwe. Baada ya wiki sita apimwe tena. Simu inaongeza picha inayoweza kurudishwa polepole. Chuo Kikuu cha Stanford kimetoa programu iitwayo OpenCap inayokokotoa pembe za viungo kutokana na video za simu mbili au zaidi, ila inadai simu za iPhone na intaneti, vitu viwili ambavyo zahanati nyingi za huku hazina.

Kwa hiyo msomaji, ikiwa mwanao ana zaidi ya mwaka mmoja na nusu na hajaanza kutembea, anatembea kwa vidole tu, au anachechemea, usingoje akue. Mpige video fupi mbili kwa simu yoyote, moja kutoka mbele na nyingine kutoka ubavuni, suruali imekunjwa juu ya magoti na nyayo zikionekana, kwenye tambarare na kwenye mwinuko wa nyumbani kwenu. Zipeleke hospitali pamoja na mtoto, na uombe aonwe na mtaalamu wa viungo.