Mshale Uliosahaulika: Historia Fupi ya Kuchora Mifumo

Leo nawaletea historia kidogo, lakini nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kazini kulikuwa na mchoro mkubwa ukutani: masanduku na mishale ya mfumo mzima wa malipo wa mteja mmoja. Nilitaka kubadilisha muundo wa ujumbe unaotumwa na programu moja. Nikautazama mchoro, sikuona mshale wowote unaokwenda kwenye programu ya risiti, nikaendelea na kazi. Jumatatu risiti zikakwama hadi jioni. Uhusiano ulikuwepo, ila aliyechora alisahau mshale.

Kumbe wahandisi wa mifumo mikubwa walipambana na jambo hili kabla sijazaliwa. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa MIT kule Marekani, alionyesha Sketchpad, programu ya kuchora kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Tarakilishi yake ilikumbuka uhusiano wa mistari: ukisogeza ncha moja, mistari iliyoungana nayo inafuata. Mchoro ukawa data.

Miaka ya 1970 Robert Lano wa kampuni ya TRW akaja na chati ya N². Unachora jedwali, kisha unapanga sehemu za mfumo kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia. Kinachotoka katika sehemu fulani kinaandikwa kwenye safu yake ya mlalo, kinachoingia kwenye safu yake ya wima. Sehemu 10 zinakupa visanduku 100. Toa 10 vya sehemu zenyewe, vinabaki 90. Mwaka 1981 Donald Steward akaeleza jinsi ya kupangua safu za jedwali la namna hiyo ili kazi zinazotegemeana kwa mzunguko zikae pamoja.

Hapa ndipo nilipoelewa kosa langu. Kwenye mchoro wa mishale, mshale usiokuwepo hausemi lolote. Huenda hakuna uhusiano, huenda mtu alisahau. Kwenye jedwali, kisanduku kitupu kina mahali pake, na mtu anaweza kukiwekea kidole na kuuliza: una hakika?

Baadaye mambo yakakua. Wayne Wymore alitoa kitabu kuhusu uhandisi wa mifumo unaotegemea modeli mwaka 1993. SysML 1.0 ikatoka 2007 ikiwa na aina 9 za michoro, zote zikiweza kusoma modeli moja. Ukibadilisha jina la sehemu, linabadilika kila mahali. Toleo la pili, lililopitishwa 2025, linakuruhusu pia kuandika modeli kwa maandishi kama msimbo.

Lakini modeli haitibu usahaulifu. Uhusiano ambao hukuuingiza, hakuna programu itakayouchora.

Mwezi jana niliandika skripti ndogo ya Python inayotoa jedwali la programu zetu 14. Visanduku 182. Tukakaa na wenzangu, tukaviulizia vitupu kimoja kimoja. Kuna viwili tulikuwa tunavipita, mzee wetu wa hifadhidata akasema, "Ngojeni kwanza." Vyote viwili havikustahili kuwa vitupu.

Je, ofisini kwenu kuna mchoro ukutani? Ulichorwa lini?