Mpanda Katika Sahani Moja

Ukitaka kuijua historia ya Mpanda, anzia kwa mama ntilie. Agiza chakula, halafu jiulize kila kilichomo kimetoka wapi.

Wenyeji wa nchi hii ni Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Wao walikuwa na asali ya miombo, nyama ya mwituni na ugali. Kutoka Karema na Ikola, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, walikuja migebuka na dagaa wakavu. Kisha Waingereza wakaitamani risasi iliyokuwa ardhini. Wakajenga reli kutoka Kaliua, ikafunguliwa mwaka 1950. Vibarua wakaja mgodini, kila mmoja na mapishi ya kwao. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini treni ikabaki, na mji nao ukabaki.

Baadaye Wasukuma waliingia na ng'ombe wao wakitafuta malisho. Kwao tukapata mtindi, michembe na matobolwa. Leo hata asiyejua neno la Kisukuma anatafuna michembe, tena kwa raha zake!

Sasa tufike kwenye maharage. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwakimbiza maelfu ya watu. Serikali yetu ikawapa makazi Katumba mwaka 1973, na Mishamo miaka michache baadaye. Walikuta pori, wakafyeka, wakalima muhogo, mahindi na maharage. Haikuchukua muda wakawa wanajilisha wenyewe, na ziada ikaingia sokoni. Maharage ya kuungwa kwa mawese, ugali wa muhogo, sombe. Nani mjini hapa hajavila?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walipewa, wakalitumia kweli kweli. Lakini ugeni haukwisha. Vyeti vya uraia walianza kupewa mwaka 2014, miaka zaidi ya 40 tangu wakimbie kwao. Mtoto aliyezaliwa Katumba alikua, akaoa, akapata wajukuu, bado anaitwa mkimbizi. Na anayemwita hivyo ameshiba maharage yake! Jamani, hiyo ni haki?

Mkoa wa Katavi ulizaliwa rasmi mwaka 2012, lakini chungu chake kilishaanza kuchemka zamani. Tumbo liliwapokea hawa ndugu mapema. Ulimi ndio umechelewa. Tunaotaka kuandika riwaya za kwetu tusimwite mtu mgeni huku tunalamba vidole vyenye mchuzi wake.