Kaffir

Kaffir ni tusi wanalotukanwa Waafrika weusi, hasa nchini Afrika Kusini. Linatokana na neno la Kiarabu la mtu anayeikana imani, lile lile lililotupa kafiri ya Kiswahili. Wafanyabiashara Waislamu wa mwambao wa Afrika Mashariki waliwaita hivyo watu wa bara wasiofuata Uislamu. Wareno wakalichukua kwao, kisha Waholanzi na Waingereza wakalitumia kule Rasi ya Tumaini Jema, wakawabandika hasa Waxhosa. Mwaka 1847 Waingereza waliliita British Kaffraria eneo walilowanyang'anya.

Wapo wanaolitetea kwa asili hiyo: maadamu maana yake ni asiyeamini, tusi liko wapi? Hoja hii haisimami. Kafiri ya Kiswahili, hata ikitamkwa kwa ukali, inahusu dini, na mtu akitamka shahada ukafiri wake umekwisha. Mxhosa hakuachiwa mlango wa namna hiyo. Tiyo Soga, Mxhosa, alisomea Scotland, akawekwa wakfu kuwa mchungaji mwaka 1856, akarudi nyumbani kuhubiri Injili, na bado alihesabiwa Kaffir. Ikiwa mchungaji wa Kikristo anaitwa hivyo na Wakristo wenzake, basi neno limekwisha kuacha dini na kushika rangi ya ngozi, kitu ambacho hakuna toba inayokibadili.

Ni kweli kwamba Soga mwenyewe aliliandika. Mwaka 1865 mmisionari mwenzake, John Chalmers, alidai gazetini kwamba taifa la Kaffir linaelekea kutoweka, naye Soga akamjibu hadharani, kwa jina hilo hilo, kwamba watu wake wataendelea kuwapo. Lakini alilitumia kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye madai aliyoyapinga. Inasikitisha kwamba mtu alazimike kuwatetea watu wake kwa jina walilopewa na wanaowadharau.

Pingamizi zito zaidi linatoka Sri Lanka, ambako jamii ndogo yenye asili ya Afrika, wengi wao Wakatoliki, hujiita Kaffir bila haya. Hata hivyo, hao wanajitaja wenyewe. Afrika Kusini neno lilitoka kinywani mwa bwana kwenda kwa mtumishi, vizazi kwa vizazi, na huko mahakama hulihukumu kama jinai ya kuvunja utu wa mtu. Mwaka 2018 mwanamke mmoja alifungwa kwa kuwatolea polisi tusi hilo tena na tena.